Misalaba ya Chaki Ubavuni

Fundi wa mashua aligonga ubao kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Ko. Akasogea, akagonga tena. Ko. Alipoinama karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ubao ukajibu: bu. Sauti ya mlango wa nyumba isiyokaliwa. Akachora msalaba wa chaki, akaendelea kugonga na kuchora, mdomo kaufumba. Hakuwahi kusema neno kabla ya kuizunguka mashua yote, maana mnunuzi akishasikia neno la kwanza, la pili halimwingii.

Mnunuzi wa leo alikuwa kaka yake, tumbo moja. Alikuwa fundi friji mpaka karakana yake ilipomfia mikononi, na sasa alikuwa na wazo moja tu kichwani: awapakie mke na mtoto, wahamie baharini, awe anatengeneza friji bandari hadi bandari. "Nchi kavu imenikataa," alikuwa akisema, na ukimbishia alikununia wiki nzima.

Mashua ilikuwa imesimama juu ya magogo katikati ya yadi, matanga yamekunjwa, rangi mpya ikimetameta. Mwenye mashua, mwanamume aliyebabuka shingo kwa jua, alizitaja bandari alizofika nayo kama mtu anayetaja wajukuu.

Fundi alipomaliza mzunguko akageuka. Misalaba haikuwepo. Mkono wa shati la kaka yake ulikuwa mweupe pepepe.

"Kaka, umefuta?"

"Nimepangusa uchafu. Unamchorachora mwenzio mali yake kama ukuta wa choo!"

"Mbao za chini zimeoza."

"Imezunguka dunia hii, mdogo wangu."

"Na bibi yetu alilima maisha yake yote. Ungempa jembe leo?"

Mwenye mashua aliangua kicheko. Kaka mtu hakucheka.

"Niite mjinga, nimezoea," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kama si humu, niambie nitawapeleka wapi."

Fundi aliitua nyundo chini. Sauti ya mke wa kaka yake ikapenya kutoka ndani ya mashua: "Shemeji! Njoo uone, huyu kashajilaza kitandani kwake!" Kisha visigino vidogo vikapiga ubao kwa furaha, palepale msalaba ulipokuwa. Bu, bu, bu.

Kaka akamnyooshea mwenye mashua mkono. "Tumalizane."

Fundi akachomoa bisibisi mfukoni.

"Wee!" Mwenye mashua aliruka. "Kugonga ruksa. Ukitoboa, umenunua. Ndiyo sheria ya yadi hii, na unaijua."

Aliijua. Alikuwa na akiba ya kufungulia karakana yake mwenyewe, na hakuwa na nyingine. Akasukuma. Wala hakutumia nguvu. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na alipoichomoa, maji meusi yakachuruzika, yananuka.

Shemeji alishuka ngazi, mtoto kiunoni. Akayaona maji, akakibana kichwa cha mtoto kifuani.

"Sikujua," alisema mwenye mashua, na huenda alisema kweli. "Lakini sheria..."

"Nimenunua," fundi akamkata.

Akamgeukia kaka yake, akangoja. Kaka alichomeka kidole tunduni, akakinusa, akakifuta kwenye suruali.

"Haya. Umepata mashua. Hongera."

"Kaka..."

Lakini kaka alikuwa akitazama mwisho wa yadi, kwenye mashua nyingine iliyofunikwa turubai lililochanika, mlingoti umeinama.

"Ile ya nani?"

"Yangu pia," alisema mwenye mashua, akisitasita. "Inauzwa."

"Nionyeshe."

Fundi aliokota nyundo, akawafuata.

"Wewe baki na yako," kaka alisema bila kugeuka. "Ile nitaikagua mwenyewe."

Shemeji alimtazama fundi. Kisha akampandisha mtoto vizuri kiunoni, akamfuata mumewe.