Jengo Lililokosa Usingizi

Usiku wa jana niliota ninampelekea mwanangu Ambakisye chakula kazini. Hilo peke yake si ajabu. Ambakisye ni mlinzi wa Kituo cha Mafunzo cha Kanda, pale juu ya mashamba ya chai, na chakula chake napika mimi. Ajabu ni kwamba aliyenipokea ni mlango.

"Shikamoo bibi," mlango ukasema.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Yumo ndani. Ila haingii mtu asiye na mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kuingia."

"Yanatolewa wapi?"

"Ndani."

Nikashusha sufuria ya ndizi, nikakaa chini. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kusubiri nilifika mwisho. Ukungu unakuja, ukungu unaondoka. Chai inachumwa mara mbili. Mwishowe mlango ukachoka, ukafunguka wenyewe, ukaniomba nisimwambie mtu.

Lazima nieleze kidogo. Jengo hilo lina miaka sita. Siku ya kulifungua, mgeni rasmi alikata utepe, tukala pilau nje kwenye mahema, tukaambiwa watu wa mikoa minne watakuja kujifunza hapo. Wamekuja mara mbili, na hata kukaa hawakukaa. Alhamisi hii tuna mkutano wa kijiji, na mimi nilitaka kusimama niulize: fedha yetu yote ile imemwagwa pale kwa kazi gani? Ambakisye akanisihi. "Mama, ukiuliza watalifunga. Mimi nitalinda nini?" Nikanyamaza. Nilipopanda kitandani nilikuwa bado nimenyamaza.

Basi nimeingia ukumbini. Kuna viti mia mbili, vyote bado viko kwenye nailoni yake ya dukani, vinanitazama. Mbele, juu ya meza, kuna futi ya fundi, ile ya chuma inayojivuta na kujirudisha. Hiyo ndiyo inaongoza kikao.

"Mwananchi amefika," ikasema futi. "Kanuni ni moja. Jengo lisilotumika hurudishwa lilikotoka. Mchanga utarudi mtoni. Mawe yatarudi mlimani. Mbao zitarudi kuwa miti."

"Na mabati?" kiti kimoja kikauliza.

"Mabati yatajua yenyewe."

"Na mlinzi?" nikauliza mimi.

"Mlinzi naye atarudishwa alikotoka."

Nikashika tumbo. Nina miaka sabini na moja. Ambakisye ana thelathini na minane, na ndevu.

Nikamwona pembeni ya jukwaa. Ndevu zimekwisha. Kofia ya kazi imemshukia mpaka puani, na mikono ya koti imemeza vidole vyake.

"Mama," ananiita, kwa sauti ya darasa la tano, "wameshaanza."

"Naona, baba."

Futi ikajivuta mpaka ikanigusa kifuani. "Mwananchi ajibu. Jengo hili lina faida?"

Viti vyote vikaacha kupumua. Nikifikiria kusema halina, mwanangu anapungua. Nikifikiria kusema linayo, ulimi wangu unakauka, kwa sababu nami nina macho.

"Kwangu mimi linayo," nikasema. "Tangu mwanangu aanze kazi hapa, chumvi haijanikatikia. Paa langu halivuji. Nashukuru, na nitashukuru mpaka nizikwe. Lakini halikujengwa kwa ajili ya chumvi yangu. Kwa hiyo na mimi nina swali."

"Mama, usiulize," akasema Ambakisye. Koti limeshafika sakafuni.

"Ni nani amewahi kupika humu ndani?"

Futi ikajivuta yote, ikajirudisha. "Swali hilo halimo kwenye fomu."

"Basi liandikwe pembeni. Huku kwetu nyumba mpya haihamiwi kwa utepe. Inahamiwa kwa moto. Mwanamke anaingia na kijinga cha moto, anapika, watu wanakula humo humo, ndipo nyumba inajua kuwa ni nyumba. Hili halijawashiwa hata kiberiti. Hata pilau tulikula nje."

Kuta zikatetemeka. Jengo likaongea, kwa sauti ya mtu aliyekesha.

"Bibi, miaka sita sijafumba jicho. Kila jioni najiambia, pengine kesho watakuja. Nikilala watanikuta vipi?"

Nikalihurumia sana. Nilikuwa nimelikasirikia siku zote, kumbe na lenyewe lilikuwa linangoja kama mimi pale mlangoni.

"Tulia," nikaliambia. "Una mafiga?"

Mawe matatu ya msingi yakajitoa yenyewe. Karatasi za semina, ambazo hazijaandikwa hata jina, zikajileta na kuwaka vizuri. Nikabandika ndizi zangu zipate moto, na moshi ukaenda ukisalimia dari.

"Karibuni tule," nikaviambia viti.

"Sisi tunamsubiri mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ni nani?"

Vikashauriana. "Ni yule anayekuja."

"Mimi nimekuja."

Nikachana nailoni, nikakaa. Kiti kikashusha pumzi ndefu. "Kumbe ndivyo kulivyo," kikasema.

Hapo tukawa jikoni kwangu, ukumbi mzima, jukwaa likiwa pale kuku wanapolala. Wachuma chai wanaingia na vikapu mgongoni, wamelowa, wanauliza kama kuna nafasi. Nawaambia ziko mia moja tisini na tisa. Mama mmoja anamfundisha mwenzake kufuma sweta. Mwingine anachora ubaoni namna ya kukata matawi ya mparachichi, na mwenzake anambishia. Ambakisye anakula. Kila tonge linamrudishia kitu: kidole, bega, ndevu tatu.

Futi ikaja kupima. Dirisha la kwanza likajifunga, la pili likafuata. Jengo likapiga miayo mpaka mabati yakalia.

"Nyumba iliyolala haipimwi," mlango ukanong'ona.

Futi ikajikunja. Ikaomba kipande cha ndizi. Nikaipa, nikaishukuru kwa kazi, nayo ikanishukuru, halafu nikaamka.

Kumeshakucha. Ambakisye ameingia kutoka lindoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Sijalala, niamke vipi." Akakaa kwenye kigoda. "Mama, kule kuna kitu kimekoroma tangu saa tisa. Nimezunguka na tochi mara tatu. Hakuna mtu, hakuna mnyama. Nikaweka mkono ukutani, ukuta una joto."

Nikammiminia chai. Nikamtazama kidevu, ndevu zote zipo.

"Alhamisi nitasimama," nikamwambia. "Nitauliza fedha ilienda kwa kazi gani. Na nitauliza funguo tutaazimwa lini, sisi wa hapa, tuingie tupike na tufundishane."

Akamaliza chai, akaweka kikombe chini.

"Uliza, mama," akasema. "Ila uliza polepole. Likishtuka, ni mimi niko nalo usiku."

Akajilaza na mabuti yake. Nikainama kumvua. La kwanza lilitoka akiwa bado ananishukuru kwa chai. La pili lilipotoka, alikuwa ameshalala.