Pete ya Bi Nyamizi

Walimvua Maua kanga mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na mikono yake bado imelowa maji aliyomwoshea marehemu.

Kwa miaka mingi Maua ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike pale Isevya, mjini Tabora. Siku hiyo alimwosha Bi Nyamizi, shoga yake tangu utotoni. Kidole cha marehemu kilikuwa kimevimba, pete haitoki. Maua akauloweka mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akaivuta pete taratibu. Ikaangukia humo humo kwenye beseni, naye akaiacha mpaka alipomaliza kuvisha sanda.

Ilikuwa pete ya opali. Ukiigeuza, jiwe liliwaka kijani, mara rangi ya chungwa, mara buluu. Watoto wa Bi Nyamizi walipenda kusimulia kwamba ilikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji, na kwamba jiwe lile humtambua mwizi. Yasmini, binti mkubwa, alipoipokea, akakuta jiwe limekuwa kama kipande cha chupa, halina rangi hata moja.

"Umebadilisha jiwe la mama!"

"Mimi, Yasmini? Mwanangu, mimi?"

"Nani mwingine aliyeishika?"

Wakampekua kifuani, wakamfumua nywele, wakamwaga hata kafuri yake sakafuni. Hawakupata kitu. Na hakuna aliyesema samahani. Maua akajifunga kanga, akatoka bila kuaga.

Habari zikazagaa. Mtaa wa pili alipofariki bibi mmoja, waliagiza mwoshaji kutoka Kiloleni. Maua alisikia vilio akiwa barazani kwake, mikono mapajani.

Akamwendea Twalibu, fundi wa vito karibu na soko, akamsimulia yote. Twalibu alianza kucheka, akamwona uso, akaacha.

"Opali za aina ile hunywa maji, Bi Maua. Zikilowa, rangi hupotea. Waiweke kwenye kitambaa kikavu, itarudi yenyewe. Wasiianike juani, itapasuka. Wala wasiipake mafuta."

"Na hilo la kumjua mwizi? La misafara?"

"Misafara gani? Jiwe nililinunua mimi kwa dereva wa lori kule Igunga. Mumewe Bi Nyamizi ndiye aliyeniagiza nimtengenezee mkewe pete."

Twalibu akaenda mwenyewe kuwaeleza watoto wa marehemu. Wakamsikiliza, wakamshukuru.

Arobaini ilipokaribia, Yasmini akafika kwa Maua na mfuko wa sukari na doti ya kanga, meno yote nje.

"Shikamoo mama. Rangi imerudi! Mama ametusamehe sote."

"Amewasamehe nini? Aliyevuliwa nguo ni yeye?"

"Yaishe, mama. Yalikuwa mambo ya msiba."

"Twalibu hakuwaambia?"

"Alituambia. Lakini sisi tunajua ni mama aliyeirudisha rangi."

Hapo Maua akasimama. "Kwa hiyo mimi ni mwizi niliyesamehewa! Mlinivua hadharani, Yasmini. Mkaniombe radhi hadharani."

"Mama, si tutajiaibisha?"

Maua akaitupa sukari barabarani. Mfuko ukapasuka. Kanga zikafuata.

Siku ya arobaini alikwenda bila kualikwa. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele wa pilau. Hakuketi.

"Mlionitazama nikipekuliwa, nitazameni tena. Jiwe lililowa maji, basi. Sikuiba, na sijasamehewa na mtu."

Yasmini akajifunika uso kwa mtandio. Wengine wakainamia nyungo zao. Theodora tu, jirani Mmoravian, ndiye aliyesema kwa sauti, "Tumesikia, Maua. Tulipaswa kusema siku ile ile."

Hayo hayakumpoza. Alirudi nyumbani akitembea kwa kishindo, akilia kwa ghadhabu, na watu wakampisha njia.

Walianza kumwita tena baadaye, kwa kuwa hakuna aliyeijua kazi ile kama yeye. Naye huitikia. Lakini hamgusi maiti mpaka jamaa waingie wenyewe, wavue kila pete na kila hereni, na watoke nazo.