Pendekezo la Tatu

Mtu akikuambia kwamba kusoma ukubwani ni raha, mtazame macho. Ya Raheli yalikuwa mekundu kwa miaka minne, na si kwa moshi wa kuni. Mchana alikuwa afisa utumishi wa kampuni ya mboga pale Lushoto, kazi ya kuvutana na watu wanaochambua karoti na kupanga kabichi za kwenda Dar. Jioni alipanda mlima hadi kwao, akamnywesha mama yake uji, akamgeuza kitandani, kisha akafungua kompyuta na kusoma usimamizi wa rasilimali watu mpaka kope zigome. Wakubwa walishamwambia: cheo ni chako ukileta shahada, la sivyo tutamleta mwenye nayo. Basi akayavulia maji nguo, na maji ya kule juu yalivyo baridi hayahitaji kusimuliwa.

Cha kwanza kuachwa kilikuwa usingizi. Cha pili kilikuwa misiba. Kwenye kilima chao mtu akifa, wanawake hubeba kuni na ndoo za maji, wanaume hubeba majembe, na mwenye hoho zinazongoja kuchumwa huziacha zioze. Raheli hakuwa na nafasi hiyo. Watu wanakufa bila kutazama ratiba ya mitihani, angefanyaje? Alituma ujumbe kwa simu: "Poleni kwa msiba. Tuko pamoja." Mwanzoni aliuandika upya kila mara. Baadaye aliuhifadhi, akawa anabonyeza tu.

Hata Hashimu alipofariki, mume wa Zuhura jirani yao wa ng'ambo ya kijito, ujumbe ulikwenda uleule. Zuhura huyo ndiye aliyembeba Raheli mgongoni hadi zahanati alipougua surua utotoni. Hajui kusoma. Alisomewa na mjukuu wake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Pamoja wapi?"

Swali hilo lilizunguka kilima kizima kabla ya kumfikia mwenyewe. Raheli alicheka kidogo, akaumia sana, akarudi kwenye masomo yake.

Utafiti wake wa kumalizia shahada ulihusu utoro kazini. Aliwahoji wafanyakazi wa kampuni yake, akagundua jambo ambalo hata mpishi wa chai pale ofisini angemwambia bure: watu hukosa kazi kwa sababu ya misiba. Katika sura ya tano akatoa mapendekezo. La tatu, alilojivunia kuliko yote, lilitaka ruhusa ya msiba itolewe kwa anayefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto tu. Misiba mingine, mfanyakazi "awasilishe pole kwa njia ya simu". Msimamizi wake wa chuoni aliandika pembeni: Safi sana.

Siku ya kuutetea mbele ya jopo, kwa njia ya mtandao, ikapangwa Ijumaa saa nne asubuhi. Alhamisi alasiri mama yake akafa.

Alikufa kimya, kama alivyoishi. Raheli alikaa pembeni ya kitanda akashindwa kulia, maana hata kulia kunataka nguvu. Kisha mkono wake ukafanya ulichozoea. Akashika simu, akaandika kwenye kundi la jumuiya: "Mama ametutoka. Mazishi kesho alasiri." Majibu yakaanza kuingia kabla hajaiweka chini. Pole kwa msiba, tuko pamoja. Pole dada Raheli, tuko pamoja. Pole sana, tuko pamoja.

Asubuhi ukungu ulipoinuka, uani hapakuwa na mtu. Nyuma ya nyumba kaka yake Nathanaeli, aliyefika jioni kutoka Soni, alikuwa anachimba kaburi peke yake. Barabara haifiki pale. Gari lingeleta jeneza hadi chini bondeni, na kutoka hapo ni mabega ya watu. Raheli alihesabu mabega aliyokuwa nayo, akaogopa. Mama aliyezika nusu ya kilima kile angekosa wa kumbeba.

Saa moja akaja Timotheo, mzee wa kanisa, akiwa peke yake.

"Shikamoo, mgosi."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

"Watu wako wapi? Niliwatangazia tangu jana."

"Ulituma meseji."

"Si wameisoma?"

"Wameisoma, na wamekujibu." Timotheo alitazama uwanja mtupu. "Raheli, wewe ni mtoto wa hapa. Msiba kwetu unapelekwa kwa miguu. Mtu anasimama mlangoni, hakai, anasema. Nyumba ambayo haikusimamiwa mlangoni bado haijaambiwa."

"Nimtume nani? Nathanaeli anachimba."

"Kwa ilivyofikia, sidhani kama wa kutumwa atatosha."

Akaenda mwenyewe, miguu mizito, viatu vya ofisini vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Katika mlango wa kwanza alianza kueleza kwa Kishambaa habari za mitihani, za kazi, za mama aliyelala kitandani miaka. Mwenye nyumba alimsikiliza tu, mwiko mkononi. Maelezo yalikuwa ya kweli yote, na hayakusaidia kitu. Kufika milango ya mbele alishayaacha. Alisimama akasema, "Mama amefariki. Mimi sikuja kwenu. Naomba mje kwangu." Wapo waliochukua jembe pale pale. Mama mmoja alimfungia mlango taratibu, Raheli akaondoka na aibu yake, asijue kwamba mwenzake ameingia kujifunga kanga.

Kwa Zuhura alikwenda mwisho, kwa sababu ya woga. Alimkuta kizingitini anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama amefariki."

"Najua. Nilisomewa."

Hapo machozi yaliyogoma tangu jana yakamjia Raheli yote kwa pamoja. Alimlilia mama yake, akamlilia na Hashimu ambaye hakumlilia wakati wake, akalilia pia usingizi wa miaka minne. "Nimechoka, mama," alisema. "Nimechoka mno."

Zuhura akafunika maharage yake, akasimama kwa kushika goti. "Basi usinililie mlangoni. Nitwike zile kuni, twende."

Mzigo wa kuni ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeshafungwa kwa kamba tangu asubuhi.

Ilipokaribia saa nne uani palikuwa pamejaa. Simu ya Raheli ikalia, chuo kinamtafuta. Nathanaeli, udongo hadi viwikoni, akamwambia, "Nenda kapokee. Mama alitaka umalize." Akapanda kichuguu cha juu ya nyumba, mahali pekee panaposhika mtandao wa kutosha kuonana kwa video, akasimama na simu mbele ya uso.

Mwenyekiti wa jopo alimpa pole, akasema wanaweza kuahirisha. Raheli akasema waendelee. Wakauliza, akajibu, na alijibu vizuri, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu ya kuogopa. Wakabaki na swali moja.

"Pendekezo lako la tatu limetupendeza," alisema mwenyekiti. "Je, kwa watu wa huko kwenu linatekelezeka?"

Raheli akatazama chini. Wanaume walikuwa wanapokezana kaburini. Zuhura alikuwa amepiga magoti anapuliza moto. Kando ya sufuria aliwaona wachambuaji wa karoti wa kampuni yake, ambao Ijumaa ile walitakiwa kuwa kazini na hawakumwomba ruhusa mtu yeyote. Wa kuombwa alikuwa yeye.

"Halitekelezeki," akasema. "Naomba niliondoe."

Mwenyekiti akasogea karibu na kamera. "Unaelewa kwamba utafiti wako wote umeelekea hapo? Ukiliondoa, sura ya tano inaandikwa upya, na pengine hata ya nne. Mahafali ya mwaka huu utayakosa."

"Naelewa."

"Unaweza kuliacha lilivyo. Umefaulu, Raheli. Hakuna atakayekuja huko kukuuliza."

Alitamani kuliacha. Tusimfanye malaika, alitamani kweli kweli. Kule kufikiria tu kuifungua tena kompyuta ile kulimwuma shingoni, na ofisini wasingemngoja milele. Chini, mtu akaita kwamba gari la jeneza limefika bondeni, na wanaume wakatupa majembe wakaanza kuteremka, wengi, hata Timotheo na magoti yake ya uzee.

"Si kweli, mwenyekiti," akasema. "Nililoandika si kweli. Liondoeni."

Aliposhuka, Zuhura alimtazama kupitia moshi.

"Umemaliza shule?"

"Bado, mama. Mpaka mwakani."

Zuhura akamwonyesha kwa kidevu. "Haya. Ndoo ile haina maji."

Raheli akavua viatu vya ofisini, akaichukua ndoo, akawafuata wanawake waliokuwa wanateremka kijitoni. Wakamwachia nafasi katikati.