Bomba la Kupumulia

Jumanne asubuhi papa Waziri alichukua birika lake la chai ili akanywe nyuma ya nyumba, akakuta mlango wa jikoni umekuwa ukuta. Zege lilikuwa limekauka vizuri, na katikati yake, usawa wa kifua, lilitokeza bomba la chuma lenye upana wa ngumi. Akapita mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akanywa chai juani. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mtu wa kushona suruali moja mara tatu bila kununa, na ukuta mmoja haukutosha kumharibia siku.

Binti yake Kadidja alipotoka chumbani alilitambua lile zege. Yeye ndiye aliyelipigia hesabu. Kule ofisini, kwenye kampuni ya madini alikokuwa mhandisi, alikuwa akiandaa mpango wa kufunga mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi ulioko barabara ya Banalia, na wa kuirudishia ardhi ile majani na miti yake. Mgodi ulikuwa na midomo mitano. Jumatatu jioni alichora kizibo cha mdomo wa kwanza, akatia saini, akarudi nyumbani Kabondo. Kila kizibo alikiwekea bomba, kwa kuwa mgodi uliofungwa hutoa gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea.

Alipochora kizibo cha pili, dirisha la chumba cha baba yake likaziba. Cha tatu kilichukua dirisha la sebuleni, cha nne la chumba chake mwenyewe. Fundi mwashi wa mtaa alivunja siku mbili, na kila asubuhi alikuta zege limerudi. Akasema kazi hii ni safi, akauliza nani kaifanya. Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wao, naye alikuja kutaka kibali cha kubadilisha nyumba. Hawakuwa nacho, akaandika jina lao kwenye daftari.

Ulibaki mlango wa mbele, na ulibaki mdomo wa tano.

Huo ulikuwa tundu la zamani la hewa, upande wa mashariki wa kilima. Kadidja alikwenda kwa pikipiki kulipima, akakuta pembeni yake kandambili jozi saba, majani yakiwa yameota kati ya mikanda. Wachimbaji wa pale wana desturi yao: anayeshuka huvua kandambili na kuziacha mdomoni, ncha zikitazama nje, ili akitoka achomeke miguu na kwenda zake. Hakuna anayegusa za mwenziwe. Mama Georgette, aliyekuwa akiuza lituma, ndizi za kuponda, pale, alizihesabu kila jioni ajue ni sahani ngapi aweke akiba.

“Hizi babouche iko saba,” akamwambia Kadidja. “Tangu mulima ilianguka ku ndani, mwezi ya kumi, benye nazo habayatoka.”

Kadidja aliandika saba. Kesho yake mjini, chef wake wa kazi, Hubert, alimpa kiti. Hubert alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa dereva.

“Jeton zote iko ku ubao, ingénieur,” akasema. “Donc chini haina mutu.”

Jeton ni kile kipande cha shaba chenye namba. Mfanyakazi hukitoa ubaoni akishuka, hukirudisha akipanda, na kampuni huhesabu hivyo.

“Bale habakukuwa na jeton, chef. Tulibaacha baingie sababu balikuwa banachimba fasi mashine haifike.”

“Bon. Na babouche balishachoma jana. Kwa mpango yako mwenyewe tuliandika fasi ikuwe safi.”

Ilikuwa kweli. Ukurasa wa kumi na mbili, chini ya kichwa cha takataka. Hubert akamsogezea fomu yenye mstari mmoja wa kujaza: idadi ya watu waliobaki ndani. Kadidja hakuujaza, wala hakuchora kizibo cha tano. Akaambiwa aende nyumbani akafikiri. Aliogopa sana. Aliogopa kwa ajili ya wale saba na, tusimfichie, aliogopa kwa ajili ya mlango wake.

Alimwomba baba yake ahamie kwa shangazi.

“Mutu hahame kwake sababu ya karatasi,” papa Waziri akajibu. “Weye usichore tu. Mulango itabaki.”

Kadidja aliamini hivyohivyo. Maadamu mkono wake haujachora, tundu lingekuwa wazi, na huenda mtu angeshuka na taa kutazama. Siku tatu hakwenda kazini.

Ijumaa ya juma lililofuata papa Waziri alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akajilaza. Kule ofisini Landry, wa meza ya pili, mwenye watoto wanne na mkataba wa miezi mitatu, alichora kizibo cha tano chini ya jina la Kadidja, maana mpango ulikuwa wake. Saa tisa na nusu mlango wa mbele ukawa ukuta. Kadidja alikuwa akichagua mchele. Aliweka kiganja kwenye zege, akalia kidogo, kisha akawasha taa akamalizia mchele.

Jirani yao Simone alizoea upesi. Alisokota lituma nyembamba akaipitisha bombani, maji akayapitisha kwa mpira. Lisilo budi hutendwa, walisema watu wa avenue, na msemo huo ni mtamu kwa aliye nje.

Mwezi ulipopita tume ya ukaguzi ilikwenda mgodini, ikahesabu miche ya miti, ikaridhika. Kwa kuwa vizibo vingine vitano vya aina ileile vilikuwa Kabondo, ikaja na Kabondo. Wakagonga kwa nyundo, wakapima kwa utepe. Hubert, aliyefuatana nao, akainama kwenye bomba la mbele.

“Bonjour, ingénieur. Papa iko muzuri?”

“Iko, chef. Andika tuko bawili humu ndani. Na kule chini andika saba.”

Hubert akafungua fomu yake.

“Jeton yako iko ku ubao,” akasema kwa sauti ya chini. “Niandike namna gani?”

Kalamu ilisikika mara mbili, sifuri ya kule na sifuri ya hapa. Akamtumia papa salamu, na vibarua wakapanda majani chini ya kuta zote, kama mpango ulivyotaka.

Papa Waziri alikuwa amesikiliza yote akiwa kitandani.

“Kule kwa bale bantu saba,” akauliza, “bomba iko?”

“Iko, papa. Ni mimi niliipanga.”

“Na inje yake, ni nani anasikilizaka?”

“Haina mutu, papa,” Kadidja akasema. “Balipanda majani.”