Mstari wa Bondeni

"Hivi mwanao alisoma miaka yote ile ili aje kuokota vigae?" jirani aliniuliza siku moja, mikono kiunoni. Nilicheka tu. Tangu marehemu mume wangu atangulie mbele ya haki, Mungu ameniachia binti huyo mmoja, na kazi yake ni kutafuta mahali walipoishi watu wa kale. Kama ni vigae, na aokote.

Msimu ule yeye na Profesa, mkubwa wake, walipanga vyumba vyangu vya uani. Kila wakikaa mezani ni mabishano. Profesa alitaka waende moja kwa moja vilimani, penye dalili. Binti yangu alitaka vibarua wao wajipange mstari, wapite kila mahali, hata bondeni.

"Jicho langu limezeekea kazi hii, bibie," Profesa alisema. "Bondeni utaokota mavi ya mbuzi."

"Nitayaandika, Profesa. Tusipopita, tutajuaje kama hapana kitu?"

Walitaniana hivyo, lakini mwanangu chakula kilikuwa hakimshuki. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya bonde lile, na mwenye kuamua ni Profesa. Nilimtaja mwanangu katika kila sala.

Mwisho wakakubaliana wajipime. Nikawapa mtungi wangu uliovunjika. Dereva wao akavipaka rangi vipande, akavitawanya shambani nyuma ya nyumba bila wao kuona. Profesa akapita kwanza, peke yake, akihesabu bila kuokota. Kisha ukapita mstari wa binti yangu.

Jioni Profesa alikuwa amehesabu vile vya kwenye kichuguu tu. Kwenye majani hakukanyaga kabisa.

"Sasa nani angejenga pale?" alilalamika.

"Hakujenga mtu, Profesa. Nilitupa tu," dereva akasema, tukacheka sote.

"Haya, na nyie?"

Mwanangu angeweza kujisifu. Nilimtazama.

"Tumeona vingi kuliko wewe, ila karibu nusu tumeviruka. Watu wakichoka hawatazami chini. Na pale kwenye kichuguu umetushinda."

Profesa akaguna, akaenda kulala.

Asubuhi, nikiwamiminia chai, mwanangu akauliza kwa sauti ndogo, "Leo tunaanzia wapi, Profesa?"

Mzee akafuta mdomo, akavaa kofia. Akajitwika begani zile fito za kupangia mstari, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule unaoshukia bondeni.