Kichwa cha Kondoo kwa Mwekezaji

Shemeji yangu Seitkali nampenda, kamwoa dada yangu na hajawahi kumnyanyasa. Lakini siku aliyowapokea wawekezaji nilitamani kumtumbukiza sufuriani pamoja na yule kondoo.

Yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda chetu cha shaba. Kilikuwa mali ya serikali tangu kijengwe, na sasa wakubwa wa Almaty, mji wetu mkuu enzi zile, walikuwa wamekiuza kwa kampuni moja ya Ulaya. Wenzangu walihofia mishahara. Mimi nilihofia bomba. Chekechea niliyoiongoza ilikuwa ya kiwanda, na ilipashwa joto kwa mvuke wa kiwanda. Baridi ya Januari huku nyikani hupasua chupa za maziwa mlangoni. Bila lile bomba hakuna chekechea, na watoto wenyewe ni wa wanawake wanaoendesha kreni mle mle kiwandani. Nilitaka neno moja tu kwa hao wageni: kwamba mvuke utabaki.

"Ondoa shaka, shemeji," Seitkali akaniambia. "Mtu akishapokea kichwa cha kondoo mkononi mwangu, ataanzia wapi kuninyima?"

"Ataanzia kwenye mkataba."

"Na huo mdomo wako! Hebu kapike."

Nikapika. Wakaja wageni wanne, pamoja na Daulet, mkalimani wao. Seitkali akawaangalia mara moja, akamshika mkono mwenye mvi nyingi kuliko wote, akampeleka kuketi mbali kabisa na mlango, mahali pa heshima. Hakuuliza lolote. Kwetu kumuuliza mgeni nani mkubwa kati yenu ni utovu wa adabu, maana mkubwa ni aliyezaliwa kwanza, na hilo unaliona kwa macho. Akamvisha joho la bluu lililotariziwa dhahabu, akamwekea mbele yake kichwa cha kondoo, fungu la mgeni mkuu. Mzee wa watu akakata sikio, akala, akatabasamu.

Mmoja wa wageni alikuwa msichana aliyevaa sweta la kijivu. Yeye alikaa palipobaki, karibu na mlango, wanapokaa wakamwana wetu kumimina chai. Masikini, akawa anapitisha vikombe. Dada yangu akamwonyesha kwa ishara birika limekwisha, naye akaenda akaleta maji ya moto.

"Mzee wetu," Seitkali akasema huku kajaa furaha, "mvuke wa chekechea utabaki?"

Daulet akatafsiri. Mzee akaweka mkono kifuani. "Watoto wapate joto! Nani atakataa?"

Watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikacheza. Hata mimi nilipiga, mjinga mkubwa.

Mwezi wa kumi ulikuwa haujaisha walipokuja chekechea mafundi wawili na gesi ya kukatia chuma.

"Nani kawatuma?" nikauliza.

"Bosi mpya, mama."

"Uongo! Yule mzee aliahidi mbele ya watu."

"Mzee yupi? Yule alikuja kukagua mabomba tu, kesharudi kwao na joho lake. Bosi ni yule dada."

"Dada gani?"

"Si yule mliyemtuma maji."

Nilikwenda ofisini kwa Seitkali nikapiga kelele mpaka karani wake akafunga dirisha. Alikuwa amejishika kichwa. "Ningejuaje, Kulyash? Msichana mdogo vile!"

"Ungeuliza!"

"Niulize mbele ya yule mzee? Nimwaibishe?" Kisha uso ukamng'aa. "Sikiliza. Tuchinje mwingine. Tumwalike upya, safari hii akae juu kabisa."

Nikatoka kabla sijamrushia kiti. Nikamchukua Daulet, tukaenda kwa bosi. Aliitwa Marijke. Alisimama kunipokea, akayasifia maandazi yangu. Nikamwomba radhi kwa kumketisha mlangoni na kumfanya mtumishi.

"Hukunikosea, mama," akasema. "Hata mngenipa kondoo mzima, bomba ningelikata. Iliamuliwa kabla sijapanda ndege. Tumenunua kiwanda cha shaba, hatukununua chekechea."

"Nani aliamua?"

"Wenye hisa."

"Wako wapi, nikawapikie?"

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akainamisha macho. "Hata mimi sijawahi kuwaona."

Nikatoka na Daulet. Mji mzima ulikuwa unamsema Seitkali, naye mwenyewe alikuwa amekonda kwa kujilaumu, kumbe angemketisha nani wapi, yangekuwa yale yale. Nilikuwa nimezoea kugombana na watu. Sasa nigombane na nani?

Bomba likakatwa Ijumaa. Nikawaambia akina mama wawachukue watoto wao.

Jumatatu, kabla ya saa sita, Seitkali alinitumia mtu niende kiwandani mbio. Mtambo ulikuwa umenyamaza. Ndoo kubwa ya shaba iliyoyeyuka ilikuwa imesimama hewani, inafuka. Juu kwenye kibanda cha kreni alikuwa Bibigul, mmoja wa akina mama wa chekechea yangu, na mapajani mwake mwanawe wa miaka minne kafungwa shali. Kwenye kreni ya pili, mtoto mwingine. Msimamizi alikuwa amekataza kreni kusogea.

Marijke alisimama chini na kofia ya chuma, mweupe kama chokaa. "Washushe hao watoto!" Daulet akatafsiri kwa sauti ya kupasuka.

"Nikawaweke wapi?" Bibigul akajibu kutoka juu. Hakuwa na ukali hata kidogo. Alikuwa anauliza kweli.

Marijke akanigeukia. Sikumsaidia. Akatazama ile ndoo inayopoa, shaba ikianza kuganda, akatazama vile viatu vidogo vinavyoning'inia, na hakumpigia mtu yeyote simu.

"Mwiteni fundi wa kuchomelea," akasema. "Bomba lirudi leo."

Lilirudi kabla ya jioni. Watu wakaja kunipongeza, na shemeji akanikumbatia mbele ya wafanyakazi. Mimi nikajitoa mikononi mwake kwa hasira. Ilibidi mtoto wa miaka minne apandishwe juu ya moto ndipo apatikane mtu wa kusema ndiyo.