Mimea Iliyotoka Kazini Saa Kumi na Nusu

Meli ilifika gati la Homa Bay Ijumaa moja ya Machi 1966, saa nne asubuhi, na Zadock akashuka amevaa kofia mpya. Nyuma yake hamali alibeba kreti lenye makopo kumi na moja ya mafuta ya Kimbo, kila kopo na mche wake. Cephas alikuwa ametumwa aje na toroli kuyapokea.

Cephas alikuwa ametunza bustani ya Bodi ya Mbegu ya Ziwani kwa miaka kumi na tisa. Mara tatu alimwomba mwalimu wa kanisa amwandikie barua ya kuomba apelekwe Entebbe, ng'ambo ya ziwa, akaione ile bustani kubwa ambayo mtu yeyote huingia na kutembea humo apendavyo. Ruhusa ilipotoka, ilitoka kwa jina la Zadock, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja kazini, na ambaye dada yake alikuwa mke wa meneja, Bwana Mayaka.

"Ilikuwaje?" Cephas aliuliza, akisukuma toroli.

"Nini?"

"Bustani."

"Bustani ni bustani tu, jaduong', mzee wangu. Miti, nyasi. Jua lilikuwa kali, nikakaa hotelini. Hii miche nilipewa getini siku ya kuondoka."

Wivu ulimchoma Cephas kama mwiba wa ngege, samaki wa ziwani. Aliongeza mwendo mpaka ofisini.

Walipanda miche siku hiyo hiyo mbele ya jengo, yaani Zadock alionyesha kwa kidole na Cephas akachimba. Ilikuwa michikichi miwili, mdalasini mmoja, na minane ya maua yenye majani mapana, ambayo Zadock alisahau jina lake njiani. Bwana Mayaka alitoka nje, akatazama, akampa Zadock mkono. Jumatatu yake Zadock alifanywa nyapara wa bustani.

Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi na nusu, kengele ya kutoka kazini ilipolia, mimea yote kumi na moja ilijing'oa, ikakung'uta udongo mizizini, ikatoka getini pamoja na makarani. Ilitembea kando ya barabara ili isizuie baiskeli. Ilipita sokoni, ambapo akina mama wa samaki walivuta makarai yao kuipisha, ikapanda njia ya kilima cha Asego hadi nyumbani kwa Cephas. Michikichi ilikuwa nyuma kwa sababu haina mwendo.

Rispa, mke wa Cephas, alikuwa akichuma kunde. Aliposikia majani yakigusa ua, aliinua kichwa.

"Baba Leonida, tuna wageni," akamwambia mumewe, aliyekuwa ametangulia kufika kutoka kazini, kisha akaenda kuchota maji.

Mimea ilijipanga kwenye shamba lake dogo la mboga, ikatulia.

Asubuhi Bwana Mayaka alimwita Cephas ofisini.

"Ile mimea ni mali ya Bodi."

"Mimi sikuiita, bwana."

"Najua. Imepita dirishani kwangu nikiitazama. Lakini saa mbili kamili kila asubuhi iwe mahali pake. Utaileta wewe."

"Kwenda inaenda yenyewe. Kurudi haitaki."

"Ndiyo maana nakwambia utaileta."

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri Cephas aliing'oa kwa upole, akaipakia kwenye toroli, akaishusha mjini na kuipanda. Kila alasiri ikarudi kwake kwa miguu, tuseme hivyo kwa kukosa neno lingine. Wageni wa Bodi walikuja kuisifu, na Zadock akapigwa nao picha.

Zadock alijaribu kuifunga kwa kamba ya katani. Mimea ilingoja kengele, ikaenda na kamba zake. Siku ile aliifuata hadi Asego, akasimama nje ya ua jasho likimtoka.

"Unaipa nini?"

"Maji," Cephas alisema.

"Hata mimi naipa maji. Mimi ndiye niliyeileta! Nimetapika ziwani kwa sababu ya hii mimea."

Cephas alimwona ana wivu, na moyo wake ukaburudika kidogo. Alimpa kigoda. Halafu, kwa vile hakuweza kujizuia, akamuuliza tena. Njia za ndani ya ile bustani ni za mchanga au za mawe? Huo mdalasini, mama yake ni mrefu kiasi gani? Je, miti mikubwa hupandwa karibu na maji au mbali?

Zadock alikuna kichwa. "Sikuangalia, jaduong'."

Cephas angeweza kumsamehe kofia, na picha, na hata unyapara. Hilo la kutoangalia lilimshinda. Zadock alipoondoka, Cephas aliinama akanusa jani la mdalasini muda mrefu, akauonea wivu hata mche wenyewe, kwa kuwa ulizaliwa kule.

Mwaka uliofuata, Bodi ikaruhusu safari ya pili. Safari hii Cephas hakutuma barua, aliingia mwenyewe ofisini, kofia mkononi.

"Cephas," Bwana Mayaka alisema kwa sauti ya huruma, "ukienda wewe, asubuhi nani atairudisha mimea?"

Cephas alifikiri. Rispa alikuwa na mgongo mbaya, na mimea haikukubali mkono mwingine.

"Hakuna, bwana."

"Umeona."

Zadock alisafiri Jumatano. Alasiri hiyo Cephas alipanda Asego pamoja na mimea, akiwa wa mwisho, nyuma ya michikichi. Alimkuta Rispa amefyeka kipande kipya nyuma ya jiko, na jembe limelala juu ya udongo.

"Ataleta mingine," Rispa alisema. "Itataka mahali."

"Ataleta asichokijua."

"Hata hivyo itakuja hapa."

Cephas alilitazama jembe, akawaza Zadock akiwa amekaa mahali fulani, ameipa bustani mgongo. Kisha akavua shati. Alichimba kwa hasira hadi giza lilipoingia, lakini mashimo yalikuwa mazuri, yenye kina sawa na kingo zilizonyooka, kwa kuwa hakujua kuchimba vibaya.